Tangazo Moja, Nakala Tatu

Efrazia Margwe alirudi kazini siku ya tano baada ya kumzika mama yake. Hatukumtarajia. Nilikuwa nimeshaanza kugawa kazi zake, nyingine kwangu, nyingine kwa Maximilian, mkuu wetu, nikasikia mlango na kumwona anavua koti, analitundika, anawasha kompyuta.

"Pole, Efrazia," nikamwambia. "Ungekaa nyumbani kidogo."

"Nyumbani nimeshakaa," akasema. Kisha akauliza kama umeme ulikatika wikiendi.

Ofisi yetu iko Haydom, chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka la pembejeo. Dirishani unawaona watu wanashuka kwenye mabasi, wamebeba mablanketi na ndoo, wanaulizia njia ya hospitali. Kazi yetu ni matangazo ya vijiji. Ng'ombe kapotea, ana alama hii na hii. Chanjo ya mbuzi ni Jumatano. Mkutano umeahirishwa. Fulani amefariki, mazishi saa nane. Zamani tangazo la namna hiyo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji likaishia hapo. Sisi tuliliweka kwenye mtandao ili mtu wa Hanang apate kujua aliyefariki Mbulu kabla hajazikwa.

Aliyeubuni mfumo wenyewe ni Efrazia. Alizaliwa Daudi, huko juu kwenye baridi, kwenye shamba la vitunguu saumu na maharage. Baba yake, mzee Bonaventura Margwe, ni Mwiraqw. Mama yake, Marieta, alikuwa Mdatoga wa Gehandu, Hanang, akabatizwa alipoolewa. Watu wa pande zote mbili walisema ndoa ile haifiki mbali, nayo ikafika miaka arobaini na sita. Efrazia alisoma mambo ya kompyuta Arusha, akarudi ana mimba na hana mume. Mtoto alipozaliwa alipewa jina la bibi yake na la ukoo wa babu yake: Marieta Margwe. Akabaki Daudi analelewa na bibi, na Efrazia akawa anapanda basi kwenda kumwona kila mwisho wa mwezi. Wakati haya yanatokea mtoto alikuwa na miaka sita.

Mfumo nitaueleza kwa kifupi, kwa sababu bila huo hutaelewa kilichotokea. Kila kijiji kina mlisho wake, yaani orodha moja ya matangazo ambayo simu na kompyuta huipitia kila baada ya muda kuona kama kuna jipya. Mlisho wa kijiji uko ndani ya mlisho wa kata, wa kata uko ndani ya wilaya. Tangazo likiandikwa kijijini linapanda lenyewe. Na kila tangazo linabeba maelezo yake pembeni: limetoka wapi, lini, linamhusu nani, ana umri gani. Efrazia alipenda kusema kwamba tangazo ni kama mgonjwa anayehamishwa kutoka zahanati kwenda hospitali, lazima aende na karatasi zake.

Karatasi zilikuwa zinadondoka njiani. Hilo hatukulijua.

Mama yake alifariki tarehe kumi na moja Februari, hapa Haydom, wodini, kwa ugonjwa wa figo uliomchukua taratibu. Efrazia alikuwa naye. Aliniambia kwamba nesi alipofunika uso wa mama yake yeye alikuwa anahesabu vigae vya ukutani, na alipomaliza safu moja akaanza ya pili. Kwenye mazishi hakulia. Mashangazi walimtazama. Mmoja alimpa kitambaa, akakishika mkononi mpaka ibada ilipokwisha, akakirudisha kikavu.

Aliporudi ofisini alifanya kazi vizuri tu, pengine kuliko mwanzo. Ukimsalimia anaitikia. Ukimchekesha anacheka, ila kicheko kinakuja kimechelewa kidogo, kama mtu aliyekumbushwa. Simu za pole zilimchosha, kwa hiyo mwezi Machi ulipoanza akaanza kuzima simu yake. Aliiwasha Jumapili peke yake, akaongea na baba yake na mtoto, akaizima tena. Mimi niliona ni sawa. Kila mtu na namna yake.

Katikati ya Machi, huko Daudi, mzee Bonaventura alikuwa anaandaa misa ya siku arobaini. Akaona kwenye tangazo la msiba mke wake ameandikwa Marieta Gidamis, jina la nyumbani kwao. Akamwendea Hilary, karani anayeandika matangazo ya kijiji, akamwomba aweke jina la ndoa. Hilary hakuona ubaya. Siku ya Jumatatu akalifungua tangazo la zamani, akafuta Gidamis, akaandika Margwe, akahifadhi. Kazi ya dakika moja.

Alhamisi asubuhi mlango wa ofisi ulifunguliwa akaingia mzee mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, viatu vimejaa vumbi. Nilimfahamu. Ni mzee Gidamis, kaka wa marehemu, aliyekuja mara mbili ofisini wakati dada yake amelazwa. Efrazia akasimama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akabaki amesimama mlangoni, anamwangalia. "Bado uko hapa?"

"Niko kazini, mjomba. Karibu ukae."

"Nilifikiri nitakukuta umeshaondoka. Nimelala hapa stendi, nikasema nipite tu, labda kuna mtu wa kunionyesha basi." Akaketi kwenye kiti cha wageni. Akasema polepole, "Pole sana, mwanangu. Pole sana. Huyu hata hakuwa ameanza kuishi."

Efrazia alisema asante. Alikuwa ameshasema asante mara nyingi mno mwezi ule na uliopita, ikawa inatoka yenyewe. Mimi ndiye niliyenyanyua kichwa. Huyu nani?

"Mmeshazika?" mzee akauliza.

"Tumezika, mjomba. Ulikuwepo."

"Yule dada yangu. Nauliza mtoto."

Efrazia akakaa chini. Mzee akafungua mfuko wa plastiki aliokuja nao, akatoa shuka ndogo nyekundu, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Alisema aliinunua Katesh alipobadilisha basi. Alisema kwa mila ya kwao mjomba haji mikono mitupu, na kwamba kwa mtoto wa umri ule hiyo itatosha kumfunika.

"Nani kakuambia, mzee?" nikauliza mimi, kwa sababu Efrazia alikuwa anaitazama shuka.

"Doris. Yule wa duka la kijijini kwetu, anayetusomea matangazo. Jumanne alisoma. Marieta Margwe, wa Daudi, amefariki. Nikamwambia rudia. Akarudia. Akampigia Bonaventura, haikupokelewa. Akampigia huyu, simu imezimwa. Nikasema basi, ni kweli, mtu akiwa na msiba mara mbili anazima simu."

Efrazia aligeukia kompyuta. Sitasahau jinsi alivyofanya, bila haraka, kama anayetafuta barua ya kawaida. Akafungua mlisho wa wilaya. Lilikuwepo, la tatu kutoka juu.

Marieta Margwe. Daudi. Amefariki. Tarehe ya Jumatatu.

Nilikwenda kusimama nyuma yake. Hapakuwa na umri, wala tarehe ya kifo, wala jina la mzazi. Akafungua mlisho wa kata kutafuta lilikotoka, akakuta jingine linalofanana nalo, lenye namba tofauti ya utambulisho. Hakuna kiungo cha kumpeleka kwenye tangazo la mwanzo la kijiji. Alikuwa ameuunda mfumo huo yeye mwenyewe, mstari kwa mstari, na sasa ameuliza swali moja na haukuweza kumjibu.

"Inawezekana ni nakala," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kazini. "Inawezekana mtu amesahihisha la mama, likapanda kama jipya. Na inawezekana siyo."

"Washa simu," nikamwambia.

Akaitoa kwenye mkoba, akaiwasha. Ile simu inachelewa kuwaka. Tulisubiri, mimi, yeye na mzee, tukitazama kioo kinavyobadilika rangi. Baadaye aliniambia kitu ambacho anasema hajamwambia mwingine. Anasema katika dakika ile alijitafuta ndani, akakuta hakuna kitu. Hofu haikuwepo. Aliwaza kwamba mtoto wake labda amekufa, na wazo likapita kama gari barabarani. Akawaza pia kwamba kama ni kweli ameshazikwa, basi amezikwa bila shuka. Ndilo lililomjia.

Akapiga. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Baba yake alikuwa na namba yangu pia, na kama lingetokea jambo angenipigia mimi. Hilo nimelifikiria siku nyingi baadaye. Pale pale halikunijia kabisa.

Mara ya tatu ikapokelewa, lakini mzee Bonaventura hakuwa na muda wa kusalimia. "Nipo shambani, mbuzi wa Nicodemo wameingia kwenye maharage," akasema kwa sauti ya juu kiasi kwamba tulisikia wote. "Kuna nini?"

"Baba, shikamoo. Marieta yuko wapi?"

"Shule. Yuko wapi tena? Leo si Alhamisi?"

"Umemwona asubuhi?"

"Nimemchemshia uji mwenyewe. Efrazia, kuna nini?"

"Hakuna, baba. Mjomba amefika Haydom. Nitakupigia."

Akakata. Akaiweka simu mezani, kioo kikitazama juu. "Yuko shuleni," akamwambia mjomba wake.

Mzee Gidamis hakuelewa mara moja. Ilibidi nimweleze mimi, mara mbili, kwamba tangazo lile ni la dada yake, limerekebishwa jina, mashine ikalitoa upya. Alipoelewa aliinamisha kichwa juu ya fimbo akalia kwa sauti mpaka mwenye duka la pembejeo akaja kuchungulia. Efrazia alimshika mkono. Alimshika vizuri, kama inavyotakiwa. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta.

Mchana ule walipanda basi pamoja kwenda Mbulu, kisha Daudi. Shuka mzee alitaka kuiacha ofisini, akisema haifai kumpa mtoto aliye hai nguo iliyonunuliwa kwa maziko. Efrazia akasema kitambaa hakijui kimenunuliwa kwa nini. Walipofika, mtoto aliiona, akaivaa, akazunguka nayo uwanjani akijiita Mdatoga. Mzee alimkalisha mapajani jioni nzima, akimshika masikio, akimhesabu vidole. Efrazia alikaa upande wa pili akachambua maharage.

Jumatatu alikuwa ofisini kabla yetu.

Maximilian alishasikia. Alikuwa na suluhisho tayari: tuzuie marekebisho yote ya matangazo ya misiba, basi. Tangazo likishatoka limetoka.

"Na likitoka na kosa?" Efrazia akauliza.

"Watavumilia."

"Hilary hakukosea," akasema. "Baba hakukosea. Doris alisoma kilichoandikwa. Nimekosea mimi. Nilipotengeneza, niliona kila mlisho ujitegemee, kwa hiyo kata ikawa inachukua nakala na kuipa namba yake, na wilaya inachukua nakala ya nakala. Umri unabaki kijijini, tarehe ya tukio nayo inabaki huko huko. Likifika juu limebaki jina na neno amefariki."

Alisema bila kujilaumu na bila kujitetea. Maximilian alimpa wiki tano.

Nilifanya naye kazi ile. Alianza na namba: tangazo likizaliwa kijijini na namba yake, litapanda nayo hadi juu kabisa, na hakuna mlisho wenye ruhusa ya kulipa nyingine. Kisha viungo. Kila kiungo kinahitaji jina linaloeleza uhusiano, maana mashine haiwezi kukisia. Alichora kwenye karatasi za kalenda ya mwaka uliopita, akaziunganisha kwa gundi mpaka zikafunika meza yangu pia. Mlisho wa kijiji uwe na kiungo kiitwacho "juu" kwenda kata, na kata iwe na viungo vya "chini" kwenda vijiji vyake vyote. Tangazo lenyewe, popote litakaposomwa, liwe na kiungo cha "asili" kinachorudi pale lilipoandikwa. Na kiungo cha "majibu", kwa sababu watu hutuma salamu za pole, na hizo nazo ni mlisho mdogo ndani ya tangazo.

Tarehe zikawa tatu: ya tukio, ya kutangazwa, ya kusahihishwa. Sahihisho likifika kwenye simu lisilie kama jipya, na lianze kwa kusema ni sahihisho la tangazo la lini. Tangazo la msiba bila umri na bila jina la ndugu wa karibu lisipokelewe kabisa.

Tulibishana kidogo juu ya tangazo lililofutwa. Likifutwa kijijini, huko juu linatakiwa kuacha alama, la sivyo nakala zake zitaendelea kuzunguka. Maximilian alisema wataalamu wa nje alama hiyo wanaiita jiwe la kaburi, tutumie hilo.

"Hapana," Efrazia akasema, akaandika "limeondolewa". Hakunyanyua hata kichwa.

Likizo ya Pasaka ilipofika alimchukua mtoto wakaenda Gehandu. Hakuna aliyemtuma. Alisema nusu ya kijiji imesikia kwa masikio kwamba mtoto amekufa, na hakuna kiungo cha kulifuta hilo. Siku waliyofika Doris alisimama mbele ya duka, watu wamekuja kuchaji simu kama kawaida, akasoma karatasi aliyoandikiwa na Efrazia: sahihisho la tangazo la tarehe kumi na mbili Februari, aliyefariki ni Marieta Margwe, miaka sabini na moja, mke wa Bonaventura, dada wa mzee Gidamis. Kisha akamnyanyua mtoto juu ya kreti la soda.

"Na huyu ndiye Marieta mwingine. Mtazameni."

Akina mama walikuja kumgusa kichwa mmoja mmoja. Mwanamke mmoja, Scolastica, alimwambia Efrazia kwamba Jumanne ile alishindwa kukamua, alikaa zizini tu. Efrazia aliomba radhi. Aliomba radhi kwa kila aliyekuja, kwa maneno yaleyale, mpaka mtoto akachoka akataka kushuka. Doris naye alitaka kuomba radhi, akakatazwa.

"Wewe ulipiga simu," Efrazia akamwambia. "Mimi ndiye niliyeizima."

Tangu hapo haizimi tena. Inalia mezani, anaipokea, anasema anachosema.

Mfumo mpya tuliuwasha mwishoni mwa Aprili, siku ya mvua. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzikusanya nakala za zamani na kuzirudisha kwenye tangazo moja moja. Tuliiacha kompyuta ifanye, tukawa tunapitia matokeo. Ng'ombe mmoja wa Basotu alikuwa amepotea mara tano. Kufika saa sita tukafika kwenye tangazo la mama yake. Nakala zote zilikuwa zimejikunja zikawa tangazo moja, na pembeni yake, kwenye kiungo cha majibu, palikuwa na namba: sitini na tatu.

Salamu hizo zilikuwa zimetumwa tangu Februari. Nyingine zilijibu nakala ya kata, nyingine ya wilaya, na kwa kuwa nakala hazikuunganishwa na chochote hakuna aliyeziona. Familia ilidhani watu wameandika ujumbe saba tu.

"Nifungue?" nikamuuliza.

"Siyo sasa," akasema. Tukaendelea na tangazo lililofuata, la kisima.

Alizichapa kwenye karatasi wiki mbili baadaye, akaenda nazo Daudi. Nilikuwa nimeenda naye safari hiyo, kwa sababu alinikaribisha kuvuna vitunguu saumu. Jumapili baada ya misa tulikaa nje, mzee Bonaventura kwenye kiti chake, mtoto akicheza na majani makavu ya vitunguu, na Efrazia akaanza kusoma. Alisoma kama Doris anavyosoma, jina la mtu, kijiji, kisha maneno. Wengi waliandika pole na amani tu. Mmoja aliandika kwamba marehemu alimfundisha kutengeneza siagi. Kulikuwa na mwanamke wa Gehandu aliyesema walichota maji pamoja wakiwa wasichana, na kwamba Marieta alikuwa na mbio kuliko wavulana, na kwamba alimwonea wivu Marieta lakini hakuwahi kumwambia.

Mzee Bonaventura alianza kulia kwenye ujumbe huo. Alilia kimya, bila kuficha uso. Efrazia alisitisha kusoma, akamtazama baba yake kwa muda, akanitazama mimi. Nilidhani sasa na yeye kilio kitamjia. Hakikumjia. Uso wake ulikuwa mtulivu, umechoka kidogo.

"Niache, baba?"

"Umefika wa ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Endelea," mzee akasema.

Akageuza karatasi, akasoma wa ishirini na tisa.